Chumba Ulichoniwekea

Mpendwa mavyaa, mama wa mume wangu uliyekubali kuwa mama yangu,

Nakuandikia nikiwa chumbani mwako, kitandani mwako, nimeegemea ule mto wako wa pamba ambao Rukia binti yako ameuanika juani mara nyingi na bado unanukia mafuta ya nazi. Mtoto amenilalia pajani. Mkono mmoja unaandika, mwingine unampigapiga mgongoni. Ukiona mwandiko umepinda mahali, jua ameshtuka.

Ulipokuwa hai sikukuandikia hata mstari. Ya nini, nasi tulitenganishwa na ukuta mmoja? Ukikohoa najua, nikilia wajua. Leo naandika, tena naandika wazi, wengine nao wasome, kwa kuwa shukrani za kimoyomoyo ulikuwa huzitaki. "Asante isiyotoka mdomoni," ulikuwa ukiniambia, "ni mate tu, umeyameza mwenyewe." Basi hii siimezi.

Nimejifungua, mama. Mtoto wa kike. Jina lake walijua, ni lako. Lakini Rukia hathubutu kumwita Khadija kavukavu, humwita "mama". Juzi alikuwa akimbadilisha nguo huku akimsihi, "Mama, tulia, mama, usinikojolee tena mbele za watu." Nikacheka mpaka mkaja niliofungwa wa uzazi ukalegea tumboni. Nuru naye, ambaye ulimwacha akitambaa, sasa anakimbia, na kila akiona mdogo wake amelala humfunua macho kwa vidole aone kama mtu yumo.

Kwa hiyo nimo ndani ya arobaini yangu ya pili. Nimechoka, mama, uchovu wa mifupa. Lakini nimechoka nikiwa nimeshiba, nimekandwa, nimefungwa mkaja barabara, na hilo nalijua thamani yake leo kuliko nilivyolijua jana. Nitakueleza kwa nini. Niache nianze ndani, nije mlangoni, kama ulivyonifundisha.

Nilikuja kwako Mambrui bibi harusi kutoka Dabaso, sina nilichojua ila kidato cha nne na kupaka hina. Uliniona mkono wangu siku ya kwanza, ukaushika, ukaugeuza kama mtu anayechagua samaki. "Mkono huu haukai," ulisema. Nami nikadhani umenisifu kwa kazi za jikoni. Siku zile Athumani mwanao alikuwa ameanza kibarua cha kupaka rangi mahoteli ya Bofa kule Kilifi, anaondoka Jumapili anarudi Ijumaa, na kila akirudi analeta makopo yenye masazo ya rangi kwa kuwa hapendi kitu kitupwe. Makopo yakajaa uani. Mimi nikayatazama. Nikatafuta vipande vya plaiwudi. Wewe ulinituma dukani, mimi nikapitia kwenye Gofu.

Wasomao hawalijui Gofu letu. Ni hoteli ya zamani iliyo ufukweni, ng'ambo ya mivinje, ambayo mwenyewe aliondoka kwenda kwao Ulaya asirudi, wageni wakakatika, na watumishi wakaambiwa wasubiri kuitwa. Wewe ulikuwa mmoja wao. Ulitandika vitanda vya pale toka u msichana mpaka siku ya kufungwa. Hakuna aliyeitwa. Makuti ya paa yakaporomoka, popo wakahamia, mchanga ukapanda ngazi ukaingia vyumbani bila kubisha hodi. Baharini mbele yake, mvua zikinyesha bara, maji ya mto Sabaki huja mekundu na kukaa ubavuni mwa yale ya kijani, hayataki kuchanganyika. Mimi nilikuwa naketi kwenye baraza lililopasuka, nachora. Nachora milango, madirisha, ngazi. Yote yamenyooka.

Siku uliyonifuma ulikuwa umekuja kuokota kuni za mivinje. Ulisimama nyuma yangu na mzigo kichwani mpaka kivuli chako kikaingia kwenye ubao.

"Kumbe huku ndiko duka lilikohamia," ulisema.

Nikataka kuficha. Ukanizuia kwa mguu, mzigo bado kichwani.

"Hebu. Hiki ni chumba cha kona?"

"Ndiyo, mama."

"Mlango wa chumba cha kona haujanyooka hivi hata siku ulipotiwa. Mimi nilipigana nao kila asubuhi." Ukatazama tena. "Umechora hoteli nzuri. Lakini hii si yetu. Hii ni ya kitabu cha watoto wa chekechea. Wapi joto? Wapi harufu ya popo?"

"Harufu huchorwa vipi, mama?"

"Unaniuliza mimi? Mimi natandika vitanda." Ukageuka ukaondoka zako, na kule mbele ukapaaza sauti bila kugeuka: "Na chumvi usisahau! Nilikutuma chumvi!"

Hukunikataza. Hilo ndilo la kwanza ninalokushukuru. Kuna mavyaa wangelipeleka habari mpaka Dabaso.

Kisha akaja Nuru, na arobaini ya kwanza. Mama, unakumbuka nilivyokuwa? Maziwa hayajatulia, usingizi sina, na ukutani hapa hamna dirisha ila lile dogo la juu ambalo hata paka hupita kwa kujikunja. Nililia kwa kila kitu. Nililia kwa sababu uji una pilipili manga nyingi, nikalia tena siku pilipili ilipokuwa kidogo. Siku moja nikajifunga leso, nikasema naenda Gofuni mara moja tu, nipate upepo, nirudi. Hukubishana. Ulichukua mbuzi yako na nazi mbili, ukaketi katikati ya kizingiti, ukaanza kukuna.

"Nipishe, mama."

"Pita juu yangu."

"Mama, nitapita."

"Pita, mwanangu. Mimi nakuna nazi."

Nani atapita juu ya mavyaa wake? Nikarudi kitandani nikilia. Ukamaliza nazi zote mbili, ukajifuta mikono, ukaja ukaketi hapa hapa ninapoketi.

"Arobaini ni arobaini," ulisema. "Mwili wako ni nyumba iliyotolewa mlango. Hutoki nao nje upepo uingie. Lakini kwani lazima uende wewe? Mimi si nina miguu?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila baada ya sala ya alasiri ulijitanda, ukaenda Gofuni, chumba kimoja kwa siku, ukarudi na kunisimulia. Nami nikafikiri utaniambia mlango uko hapa, dirisha liko pale. Wapi! Wewe ulisimulia chumba kama ulivyokuwa ukikisafisha: kuanzia pembe ya ndani kabisa, ukirudi nyumanyuma kuja mlangoni, ili usikanyage ulipokwisha futa.

Nakusikia mpaka leo. "Haya, ziba maziwa, sikiliza. Pembeni ndani, kule kilipokuwa kitanda cha mgeni, pamekuwa na rangi ya ganda la papai lililolala. Si manjano, si kijani. Kuchoka tu. Juu yake popo wametia weusi, mstari, mstari, kama wanja wa bibi arusi aliyelia. Halafu unarudi nyuma. Hapo mchanga umekuja mpaka nusu ya ukuta, umelala umeegemea kama mzee ameshiba. Ukirudi tena, sakafu ile nyekundu niliyokuwa nikiing'arisha kwa kumbi la nazi, imebaki mahali padogo tu, kama hivi, kama sinia. Nimeifuta kwa leso. Usicheke! Mkono ulikwenda wenyewe. Na mlangoni ni mwanga tu, hakuna kitu kingine. Nimemaliza chumba."

Sasa mtu atachoraje mzee wa mchanga ameshiba? Sikuwa na mlango wa kunyoosha wala dirisha la kupima. Nilikuwa na maneno yako tu. Nikaanza pembe ya ndani ya ubao na lile papai lililolala, nikarudi nyuma polepole na rangi, nikaishia mlangoni na mwanga. Ulinikalisha kwenye kiambaza cha uani, penye hewa, mtoto umemchukua wewe. Rangi ya maji ulikubali, ya mafuta ulikataa. "Harufu ile ikimwingia mtoto kifuani nitakutupia makopo yako kisimani, na kisima tutachimba kingine." Na mimi nilijua hutanii.

Picha ile ya kwanza haikuwa na mlango, haikuwa na nyumba. Ilikuwa rangi zimelaliana. Rukia alikuja na mahamri yake ya asubuhi, akaisimamia, mkono kiunoni.

"Wifi yangu, uji umemwagika?"

"Ni chumba," nilisema.

"Chumba cha nani, cha konokono?"

Athumani naye Ijumaa ile aliuliza kwa adabu kama imekauka au bado nachora. Wewe ulikuwa unamwogesha Nuru. Ukaja na mikono inayotiririka maji, ukatazama kwa muda, ukaweka kidole kilicholowa pale kwenye wekundu mdogo.

"Hapa ndipo nilipofuta," ulisema. Ukarudi kwa mtoto.

Mama, tangu nizaliwe hakuna aliyenipa cheti kinachoshinda hicho.

Tukaendelea hivyo. Kila chumba ulikitembelea kwa ajili yangu, nami kila chumba nikakirudisha ukutani mwetu. Arobaini ilipokwisha nikatolewa nje na mwanangu, nikaenda Gofuni mwenyewe, na ajabu ni kwamba niliona kidogo kuliko ulivyonionyesha. Ikabidi nifumbe macho nikukumbuke unavyosema. Tangu hapo sikurudia kuchora milango. Mama mmoja mwenye mkahawa Malindi mjini alitundika tatu ukutani kwake, na watu wakila huuliza ni wapi pale, kila mmoja hujibu mahali pake: huyu anasema ni shamba la chumvi, yule anasema ni nyumba ya bibi yake iliyoanguka. Na unakumbuka wale wa Bofa, waliomwambia Athumani wanazitaka za hotelini kwao, ila niongeze mnazi mmoja na mashua kwa mbali, wageni waelewe? Athumani alikuja kaifurahia ile habari. Nikakutazama. Ulikuwa unachambua mchele, hukuinua uso.

"Mnazi hupandwa shambani," ulisema.

Basi nikamwambia mume wangu kwa upole kwamba siongezi. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniletea kopo la rangi ya kijani ambalo halijafunguliwa.

Kilibaki chumba kimoja tu. Nyuma ya jiko la hoteli, mlango wa mbao uliovimba kwa chumvi usiofunguka hata ukisukumwa na wawili. Stoo ya mashuka. Kila nilipokuuliza uliruka, ukanipa kingine, na vingine vilipokwisha nikakubana.

"Hicho nakuwekea," ulisema. "Nitakupa arobaini yako ya pili."

"Na nisipozaa tena?"

"Basi utakaa bila. Na usiende kuchungulia ufunguoni."

"Kina nini, mama?"

"Mashuka," ukasema, na ukacheka kile kicheko chako cha puani. Mimi nikajua ni hila ya kutafuta mjukuu. Nikakuahidi sitachungulia, na sikuchungulia.

Ulipougua nilikuwa nimeshabeba mimba hii. Nilikunong'oneza wewe kwanza, kabla ya Athumani, Mungu anisamehe. Ukanishika mkono ule ule usiokaa. "Basi chumba chako kimekaribia," ulisema. Na sauti haikuwa ya mtu anayeondoka. Ndiyo maana sikukuuliza pale pale. Nilidhani tuna wakati.

Baada ya kukuzika sikuweza kwenda Gofuni. Kila nilipofika kwenye mivinje miguu iligoma. Nikaacha na rangi, makopo yakakauka. Nilisema nitachora nini, mwenye macho ameondoka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wiki hii Athumani amerudi kutoka Kilifi na habari kwamba Gofu limepata mwenyewe mpya na linavunjwa. Wamelizungushia mabati. Milango na madirisha yote yameng'olewa, na wameanza kubomoa upande wa bahari wakija nyuma. Upande wa jikoni ulikuwa haujafikiwa, lakini hazingepita siku nyingi. Mtoto mikononi, mkaja tumboni, na chumba ulichoniwekea kinakwenda kuwa kifusi bila mimi kupewa.

Athumani aliniona uso. Mwanao ana moyo laini, wamjua. "Vaa buibui," alisema, "nikupeleke kwa pikipiki, uchungulie tu, turudi. Nani atakujua? Mama mwenyewe hayupo."

Nilisimama, mama. Sikufichi. Nilimlaza mtoto, nikajitanda, nikafika mpaka hapa mlangoni. Na kizingiti kilikuwa kitupu. Hapana mbuzi, hapana nazi, hapana mtu wa kuniambia pita juu yangu. Ndicho kilichonizuia. Ulipokuwa umeketi hapa ningeliweza kukurukia, nikaona haya. Kwa kuwa sasa hukuketi, nikaona siwezi hata kuinua mguu. Nikavua buibui. Athumani akasema, "Lakini wataibomoa." Nikamwambia, "Na waibomoe. Hizi siku nilipewa na mama yako. Sizitoboi." Kisha nikakaa kitandani nikalia kilio kile cha pilipili manga.

Rukia akanikuta hivyo, na bakuli la uji mkononi. Yeye ndiye anayenikanda sasa, na mkono wake ni mzito kuliko wako, hukanda kama anasukuma chapati za watu wengi. Athumani akamweleza.

"Mimi nitakwenda," alisema.

"Wewe?" Nilimtazama. "Wewe kwenye picha zangu huoni ila uji."

"Picha sijui kuona. Stoo najua." Akaweka bakuli. "Kunywa. Nikirudi nilikute tupu."

Alirudi jua limeanza kuegemea, buibui lake limejaa vumbi la chokaa mpaka magotini, na hakuwa na maneno. Rukia, mama! Rukia bila maneno! Aliwaambia wavunjaji amekuja kuaga mahali alipofanya kazi mama yake, na msimamizi wao, kijana wa bara, akamvulia kofia akamwambia, "Pita, mama, lakini usikawie." Rukia akaketi pale miguuni pangu.

"Ni chumba tu," alisema. "Kidogo. Mlango wameung'oa. Kina rafu, kina ukuta..."

"Si hivyo," nikamwambia. "Anza pembe ya ndani. Uje mlangoni."

Akajifuta vumbi magotini. Halafu nikasikia sauti yako ikitoka kwake, sijui alikuwa kaiweka wapi miaka yote.

"Pembeni ndani kabisa," alisema, "juu kwenye boriti, kuna ndoano. Ya chuma, imekula kutu, imekuwa rangi ya ukwaju uliolowekwa. Ile ndoano ni yangu."

"Yako vipi?"

"Mama hakukwambia? Nililelewa mle. Mimi mama hakunikalia arobaini. Baba alikuwa ameenda bara kutafuta kazi na habari zake hazijaja, hoteli imejaa wageni, na asiyefika kazini nafasi yake yapewa mwingine. Bibi amekufa. Nani wa kumkanda? Damu haijakauka akanifunga kifuani akaingia kwa mlango wa jikoni. Akanitundika kwa leso kwenye ndoano ile, katikati ya mashuka, nisisikike. Akimaliza chumba huja kuninyonyesha, akimaliza kingine huja. Hakupenda itajwe. Alisema watu watasema alitoka na uzazi mbichi. Mimi mwenyewe aliniambia mara moja tu, siku niliyojifungua wangu wa kwanza."

Nikamshika mkono. "Endelea," nikasema. "Rudi nyuma. Chini ya ndoano pana nini?"

"Ukuta. Mweupe, chokaa juu ya chokaa. Na hapa," akajigusa kisogo, "kimo cha mtu aliyeketi chini, pana doa. Mviringo, kama sahani. Limekuwa manjano. Ni mafuta ya nazi, wifi. Ya nywele zake. Alikuwa akiketi pale akiegemeza kichwa akininyonyesha. Nimeona tabaka za chokaa zilizobanduka, wamelipaka mara ngapi sijui, na kila tabaka doa limepenya likatoka tena. Nimeweka kichwa changu pale. Nimeenea." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Halafu mlangoni ni mwanga tu. Hakuna kitu kingine. Nimemaliza chumba."

Tulikaa, mama. Mtoto naye akatulia kama aliyeitwa jina.

Sasa najua ulikuwa unanichezea hila gani, na haikuwa ya kutafuta mjukuu. Ungeniambia mapema kwamba wewe hukulala hata siku moja, ningeliona haya kulala mimi. Ningelinyanyuka kitandani kwa heshima ya mgongo wako. Ndiyo maana ulitaka kwanza nizimalize siku zangu zote, na za pili uniweke ndani yake, ndipo unieleze. Na mimi nilidhani umeketi kwenye kizingiti kwa ajili ya mila! Ulikuwa umeketi mahali ambapo hakuna aliyekuketia wewe.

Kesho yake nilimwambia Rukia achukue mtoto, aniletee ubao kiambazani. Makopo yalikuwa yamekauka yote, hata lile la kijani. Sikuhitaji. Nilitaka chokaa, na chokaa ipo. Kwanza nilichukua chupa yako ya mafuta ya nazi, ile iliyo kwenye sanduku, nikamimina kidogo kiganjani, nikakibandika kiganja pembe ya ndani ya ubao, nikasugua mviringo mmoja. Juu yake nikapaka chokaa. Nikaacha ikauke, nikapaka tena, nikirudi nyuma kuja mlangoni. Tone moja la kutu nililipata kwenye msumari wa zamani uliolowekwa kwa siki. Basi. Ubao ukawa mweupe mtupu.

Rukia alikuja na mtoto begani akasimama, mkono kiunoni kama kawaida yake.

"Safari hii hata uji haupo," alisema. "Umeupaka ukuta."

"Ngoja," nikamwambia.

Nikautundika hapa chumbani, chini ya kidirisha cha paka, nikaurudia usingizi. Siku ile hakukuwa na kitu, na iliyofuata pia. Wakati huo tulikuwa tukisikia kishindo kutoka ufukweni, na kila kikipiga Nuru anasema "bumu" na kucheka. Asubuhi moja kishindo kikawa karibu zaidi, kisha kikanyamaza. Hatukuulizana.

Leo asubuhi Rukia alikuwa ananikanda. Maji ya moto yanatoka moshi, mimi nimelala kifudifudi naomba msamaha kwa mbavu zangu. Ghafla mkono wake ukasimama. Nikainua kichwa. Doa lilikuwa limetoka. Manjano, mviringo, laini pembezoni, limepenya chokaa zote likaja kukaa mahali pake bila kuombwa.

Rukia hakuipa picha ile jina lolote la konokono. Alimwinua mtoto kitandani, akaketi naye sakafuni chini ya ubao, akaegemeza kichwa chake ukutani kwenye usawa wa doa, akafumba macho.

"Uji umemwagika," alisema. "Lakini safari hii umemwagika palepale."

Kisha akafumbua jicho moja akanitazama nimekaa. "Lala chini wewe! Nani amekwambia nimemaliza?"

Nikalala, mama. Nimelala kwa ajili yangu, na zile siku zako ambazo hukulala nimezilalia pia, kadiri ninavyoweza. Siku zikitimia nitatoka nje na Khadija kwenye mkono. Gofu halitakuwepo, kutakuwa na mabati na upepo. Sitalia. Nitamwonyesha maji ya Sabaki yanavyokataa kuchanganyika, nitamwambia jina lake alilitoa wapi, na tukirudi nyumbani nitamuuliza kila anachokiona, aniambie kuanzia ndani, aje mlangoni. Akiwa hajui kusema nitangoja.

Mbuzi yako nimeiweka kizingitini. Haimzuii mtu kupita. Imekaa tu pale.

Mungu akulaze pema, mahali laini, mahali ambapo hakuna atakayekuambia nafasi yako yapewa mwingine. Pumzika, mama. Vyumba vyote vimekwisha, na mlangoni ni mwanga tu.

Mkaza mwanao,
mama wa Nuru, na sasa mama wa Khadija wako.